Farasi wa Chaki: Kilima cha Uffington na Watu Wanaokipalilia

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote mliokuja hapa Reading, Uingereza, licha ya mvua hii. Wazee wangu, shikamooni.

Kabla sijaanza, naomba hili jiwe lizunguke ukumbini. Kila mmoja alishike, apitishe kidole juu yake, kisha atazame kidole chake. Mmeona weupe huo? Hiyo ni chaki. Sisemi ile ya ubaoni, kwani nyingi ya ile siku hizi ni jasi. Hii ni chaki yenyewe, jiwe la mlimani, na nimeliokota pembezoni mwa njia, mbali na eneo linalolindwa.

Wengi wenu mnapanda treni ya kwenda Swindon au Bristol. Safari ijayo, treni ikishatoka Didcot, kaeni upande wa kushoto na mwache simu kidogo. Mtaona ukuta wa milima ya kijani, na juu karibu na kilele mistari myeupe iliyojipinda. Ukiitazama kwa haraka utadhani ni njia za mbuzi. Ukitulia, utamwona farasi. Ana mgongo mmoja mrefu uliovutwa kama kwa pigo moja la brashi, miguu miwili imeungana na mwili na miwili imeachana nao, kichwa kina mdomo kama wa ndege, na jicho ni duara moja. Urefu wake ni mita 110 hivi, kupita kiwanja cha mpira. Kilima chenyewe kinaitwa White Horse Hill, juu ya kijiji cha Uffington. Kina mita 261, na hakuna mahali pa juu zaidi katika mkoa mzima wa Oxfordshire. Wazee wa huko bado hukisema kuwa ni cha mkoa jirani wa Berkshire, kwa sababu mpaka ulihamishwa mwaka 1974 tu.

Mimi ni mtoto wa Pangani. Nyumba ya bibi yangu ilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na kila ilipokaribia Idi tulipewa ndoo ya chokaa na brashi ya makumbi, tukaambiwa kuta zianze upya. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipopanda kilima hiki na viatu vyangu vikawa vyeupe, niliinama nikachukua vumbi lile nikalisugua viganjani. Nililijua. Na kweli ni ndugu moja. Matumbawe yetu na chaki ya Uingereza vyote ni kalsiamu kaboneti, na vyote vimetengenezwa na viumbe wa baharini. Tofauti ni fundi aliyejenga. Kwetu ni wanyama wadogo wanaojenga miamba. Huku ni mimea midogo mno iliyokuwa ikielea juu ya maji, kila mmoja amejivika vijisahani vya chokaa. Ukivipanga vijisahani hivyo mia moja kwa mstari, havijazi milimita moja.

Zama zile, yapata miaka milioni 90 iliyopita, bahari ilikuwa imepanda juu kuliko leo na sehemu kubwa ya Ulaya ya kaskazini-magharibi ilikuwa chini ya maji ya uvuguvugu. Mimea hiyo ilikufa, ikazama, ikatua sakafuni kama unga. Miaka elfu ilipita ndipo zikaongezeka sentimita chache tu. Mkikumbuka kwamba milima hii ina chaki ya mamia ya mita, mtajua mmeshika nini mikononi. Baadaye ardhi ikasukumwa, ikainuka na kukunjika, na sakafu ile ya bahari ikawa kilima. Ndani yake kuna mafundo ya gumegume, jiwe jeusi linalokatika kwa makali kama wembe, na hilo ndilo lililowapa watu wa kale visu na mashoka kabla ya chuma.

Sasa jambo ambalo wageni wengi hulipita: maji. Juu ya kilima hamtaona kijito hata kimoja. Mvua ikinyesha, chaki huinywa yote. Maji hushuka ndani kwa ndani mpaka yakutane na tabaka la mfinyanzi lisilopitisha maji, hapo hukosa njia, yakatokeza chini ya mlima kama chemchemi. Tazameni ramani mtaona Woolstone, Uffington na Kingston Lisle, vijiji vilivyojipanga kwenye mguu wa mlima kama shanga kwenye uzi. Uzi wenyewe ni maji hayo. Juu wamechungia kondoo, chini wamelima na kufuga ng'ombe. Nani akae wapi na afuge nini, jiwe lilishaamua.

Na chini kabisa ya farasi kuna bonde la ajabu, kavu, lenye kuta za mteremko mkali zenye mikunjo kama ya pazia. Wanaliita Hori, maana yake hori la kulishia farasi, na husemwa kwamba usiku wa mwezi farasi hushuka kulisha humo. Bonde limekatwaje na maji ikiwa chaki inayanywa yote? Ni baridi. Zama za barafu ardhi iliganda chini, chaki ikaziba kama chupa, na theluji ilipoyeyuka maji yakapita juu kwa nguvu yakikwangua. Ardhi ilipoyeyuka, maji yakarudi ndani, bonde likabaki bila mto wake.

Kando ya Hori kuna kilima kidogo kilichokatwa kichwa, Dragon Hill. Juu yake pana doa jeupe lisiloota majani, na simulizi ya wenyeji ni kwamba hapo ndipo Mtakatifu George alipomuua joka, na damu yake iliunguza ardhi. Simulizi nyingine humpa farasi huyu mfalme Alfred, aliyezaliwa Wantage, karibu tu hapo, mwaka 849. Alipigana na Wadenmaki katika vita vya Ashdown mwaka 871, na kwa karne nyingi watu walisadiki kwamba farasi ni kumbukumbu ya ushindi ule. Ni simulizi nzuri, na ilikuwa na heshima kwa sababu ilitoka kwa watu waliokipenda kilima. Lakini farasi ni mkubwa kwa umri kuliko Alfred, tena kwa mbali sana.

Tumejuaje? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jibu lake limenishangaza kuliko simulizi zote. Kuanzia mwaka 1990, wanaakiolojia wa Oxford, David Miles na Simon Palmer wakiwa miongoni mwao, walichimba kwa uangalifu kwenye mistari ya farasi. Walikuta kwamba hakuchorwa kwa kubandua nyasi tu. Aliyemtengeneza alichimba mitaro, penginepo yenye kina cha hadi mita moja, kisha akaijaza chaki iliyopondwa na kushindiliwa. Yaani mstari ule mweupe ni ukuta uliolala ardhini. Na udongo uliofukiwa chini ya chaki hiyo ukawa shahidi. Chembe za mchanga zikiwa gizani hujikusanyia nguvu kidogo kidogo kutokana na mionzi ya ardhi inayozizunguka. Zikiona jua, nguvu hiyo hutoka yote na hesabu huanza upya. Kwa hiyo ukizichukua bila kuziangaza, ukazimulika maabarani na kupima mwanga zinaotoa, utajua zimekaa gizani muda gani. Zilijibu: jua liliziona mara ya mwisho kati ya mwaka 1380 na 550 KK. Farasi huyu ana takriban miaka elfu tatu.

Jirani zake wanalingana naye au wamemtangulia. Juu ya kilele kuna Uffington Castle, boma la udongo na handaki lililoanza kujengwa karne ya nane au ya saba KK. Kando yake inapita Ridgeway, njia ya kale ya miguu ifuatayo mgongo wa milima, kwa sababu juu ya chaki mguu haukwami matopeni kama kule bondeni. Ukiifuata kuelekea magharibi kwa mwendo usiofika saa moja, unafika Wayland's Smithy, kaburi la mawe makubwa chini ya miti, la tangu mwaka 3400 KK au kabla yake. Katika sehemu yake ya zamani zaidi yalikutwa mabaki ya watu 14. Waanglo-Saxon walipolikuta walikuwa hawajui ni la nani, wakalisema ni karakana ya Wayland, mhunzi wa masimulizi yao. Husemwa kwamba ukimwacha farasi wako hapo pamoja na sarafu ya fedha, ukaenda zako, ukirudi utamkuta amepigwa viatu.

Mtaniuliza: farasi wa nini? Joshua Pollard wa Chuo Kikuu cha Southampton alitoa hoja mwaka 2017 inayoniingia akilini. Katika imani za kale za Ulaya, farasi ndiye aliyelivuta jua angani. Farasi wetu anakimbia kuelekea magharibi, njia ileile ya jua, na katikati ya majira ya baridi, ukisimama upande wa pili wa bonde, jua hupita chini juu ya kilima kana kwamba linamfuata na kumpita. Wengine wamemlinganisha na farasi wa kwenye sarafu za kale za Waselti. Mimi nasimama na Pollard, kwa sababu hoja yake inaeleza pia kwa nini farasi ana mwendo. Hakusimama kama alama ya mpaka wa shamba. Anakwenda.

Lakini jambo lililonileta mbele yenu leo ni jingine. Chaki ni laini, mmeisugua wenyewe kwa kidole. Nyasi za mlima ule hazilali. Farasi akiachwa bila kuguswa kwa miongo michache tu, majani yatamfunika na hakuna atakayejua alikuwapo. Basi hesabuni nyuma. Kuanzia aliyechimba mtaro wa kwanza mpaka leo, hakijapita hata kizazi kimoja kilichoacha kazi hiyo kabisa. Watu wamebadilisha dini, wakabadilisha lugha, wakaja Warumi, wakaja Waanglo-Saxon, wakaja Wanormani, na katika yote hayo kulikuwa na mtu aliyepanda na jembe kumpalilia farasi ambaye hakujua amechorwa na nani. Hati za watawa wa Abingdon za karne ya kumi na moja tayari zinakitaja kilima kwa jina la farasi mweupe. Katika karne za karibuni kazi ilikuwa sikukuu. Kila baada ya miaka kadhaa vijiji vilipanda pamoja, wakasafisha, kisha wakala, wakashindana mieleka, na wakaviringisha jibini kubwa kwenye mteremko wa Hori vijana wakilikimbiza. Sherehe kubwa ya mwisho ya namna hiyo ilikuwa mwaka 1857.

Wakati wa vita vya pili vya dunia farasi alifichwa makusudi kwa nyasi na matawi, ili marubani wa Ujerumani wasimtumie kujua walipo. Vita vilipokwisha akafunuliwa. Hata kumficha ilibidi kuwe na mtu wa kukumbuka alipo.

Siku hizi anatunzwa na National Trust, shirika la kuhifadhi urithi la Uingereza, na kila kiangazi huita watu wa kujitolea. Nimekwenda. Unapewa nyundo, kitu cha kupigia magoti na ndoo ya chaki mpya. Kwanza unang'oa magugu kwenye kipande chako, moja moja, na mizizi yake. Halafu unamwaga mabonge, unapiga magoti, unaponda. Bonge hupasuka kwa sauti kavu, likawa changarawe, likawa unga, na ukiendelea kupiga unga hushikana ukawa kama sakafu ya dongo iliyosiribwa. Kulia kwangu alikuwa bibi mmoja wa Kiingereza wa miaka sabini na kitu, kushoto mtoto na babake. Kutoka pale ulipopiga magoti humwoni farasi hata kidogo. Unaona mita mbili za weupe, majani pande mbili, na juu mwewe wakizunguka. Usiku ule mikono ilinitetemeka hata kijiko cha chai kikawa kizito.

Na bado majani hushinda inchi hapa na pale. Picha za angani zilionyesha kwamba sehemu za kichwa na shingo zilikuwa zimenywea mno, ndipo mwaka 2024 National Trust na wanaakiolojia wa Oxford wakarudisha kingo zake pale zilipokuwa.

Naona kijana wangu kule nyuma ameinua mkono. Anauliza kwa nini wasiweke sementi wamalize kazi. Swali zuri sana. Lilishajaribiwa, na si mbali na hapa. Kule Westbury, Wiltshire, kuna farasi mwingine mweupe, aliyekatwa upya mwaka 1778. Miaka ya 1950 alimwagiwa zege akapakwa rangi. Zege likaingia ukungu, likawa la kijivu, likataka kusuguliwa na kupakwa tena, na ndani ya zege hakuna anayeweza kupiga magoti na kuponda chochote. Uffington, ukishamaliza kipande chako, unashuka mpaka bondeni, unageuka. Utampata farasi mzima, na kama jua lipo, kwa siku chache za mwanzo utaliona pia doa lako, limekuwa jeupe kuliko mengine yote. Langu lilikuwa kwenye mguu wa nyuma.