Ubongo Kabla ya Mwanga

Nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia: ukitaka kujua kwa nini mtu ameona au hakuona, tazama ubongo wake ulikuwaje kabla mwanga haujawaka. Mawimbi ya alfa mnayajua, yale ya umeme wa ubongo unaopimwa juu ya kichwa, ya mizunguko 8 hadi 12 kwa sekunde, ambayo daktari Hans Berger aliyatangaza mwaka 1929 kutoka Jena, Ujerumani. Twende mbele.

Mtu anakodolea alama katikati ya skrini. Nukta hafifu inawaka pembeni kwa milisekunde chache, naye anabonyeza kitufe akiiona. Unaipunguza nguvu mpaka aione nusu tu ya mara zote. Jicho lile lile, nukta ile ile, lakini sasa anaona, baadaye haoni. Mwaka 2009 watafiti Niko Busch na Rufin VanRullen, na kwa upande mwingine Kyle Mathewson, walionyesha kwamba inategemea nukta imelikuta wimbi la alfa kileleni au bondeni. Waliorudia wengine wamepata, wengine wamekosa.

Hapa ndipo watu wanapoharibu kazi. Kwa wimbi la mizunguko 10, mzunguko mmoja ni milisekunde 100. Ukichambua kwa dirisha, yaani kipande cha rekodi unachokisoma kwa pamoja, la mizunguko 3, dirisha lako ni milisekunde 300: 150 nyuma, 150 mbele. Basi unaposema umesoma wimbi milisekunde 50 kabla ya mwanga, dirisha limeshavuka mwanga kwa milisekunde 100, na wakati huo ubongo umeanza kuitikia. Mwitikio huo ni mkubwa zaidi pale mtu alipoona. Umepima jibu ukaliita sababu! Soma kuanzia milisekunde 150 kabla au zaidi. La sivyo, kata rekodi pale mwanga unapoanza, kabla hujapitisha kichujio chochote cha kutenga mawimbi unayoyataka.

Atatokea wa kusema: nukta ni hafifu, mwitikio wake mdogo, utadhuru nini? Utadhuru. Unajumlisha majaribio mamia. Kelele, yaani mtikisiko wa ovyo kwenye rekodi, zinafutana kwa sababu kila moja ina upande wake. Kitu kidogo chenye upande mmoja hakifutiki, kinajirundika.

Na majaribio ambayo mtu alipepesa nukta ikiwaka, yatupe. Hakuona kwa sababu ya kope, alfa haihusiki.

Muda unanikimbia. Weka majaribio matupu, yasiyo na nukta kabisa. Nguvu ya alfa ikishuka, mtu husema "nimeona" mara nyingi zaidi hata pasipo na kitu. Bila hayo huwezi kumtenga anayeona vizuri na anayekubali upesi.

La nywele niliseme kwa sentensi mbili. Aliyesuka asirudishwe nyumbani: njia za mistari zikipitishwa pale elektrodi, vile vipokea umeme vya kichwani, zinapokaa, jeli ya kupitisha umeme inafika kwenye ngozi na upinzani wa umeme unashuka. Mpangieni msusi kabla ya siku ya kurekodi, na mumlipe.