Daniel Hale Williams: Tuanze na Hospitali

Jamani, leo msinianzie na moyo. Kila nikimtaja Daniel Hale Williams, daktari mweusi wa upasuaji wa Marekani, mkono unanyanyuka: "Si ndiye wa kwanza duniani kupasua moyo?" Hapana! Julai 1893, mjini Chicago, James Cornish aliletwa akiwa amechomwa kisu kifuani. Williams alikifungua kifua, akaushona utando unaoufunika moyo. Moyo wenyewe ulikuwa na jeraha dogo tu, akaliacha bila kulitia uzi. Henry Dalton wa St. Louis alishashona utando kama huo mwaka 1891, na msuli wa moyo ulishonwa na Mjerumani, Ludwig Rehn, mwaka 1896. Tukimvisha Williams sifa ya wenzake, tunaisahau iliyo yake.

Niulizeni Cornish alipasuliwa wapi. Hilo hamniulizi!

Hospitali za Chicago ziliwafungia milango madaktari weusi, na Williams, kinyozi wa zamani aliyehitimu udaktari mwaka 1883, aliwapasua wagonjwa majumbani mwao, hata jikoni. Kisha akajiwa na mchungaji Louis Reynolds. Dada wa mchungaji huyo, Emma, alitaka kusomea uuguzi, na kila chuo kilimkataa kwa sababu ya rangi yake. Mwingine angeandika barua ya kumwombea binti nafasi moja. Williams aliona kwamba Emma akipokelewa, atakayemfuata atakataliwa vilevile. Wakachangisha, makanisa yakatoa, tajiri Philip Armour akatoa, na mwaka 1891 ikafunguliwa Hospitali ya Provident, yenye vitanda 12 na chuo cha wauguzi. Emma alikuwa katika darasa la kwanza.

Najua kuna anayenong'ona kwamba hospitali ya watu weusi ni kuukubali ubaguzi. Ndugu yangu, Provident ilikuwa na madaktari weusi na weupe, na mgonjwa hakuulizwa rangi yake mlangoni. Waliobagua ni wale waliomfukuza Emma.

Sasa rudini kwa Cornish, aliyepasuliwa hapohapo Provident. Hapakuwa na eksirei, Röntgen aliigundua mwaka 1895. Hapakuwa na antibiotiki, wala damu ya kuongezewa. Kifua kikishafunguliwa, kilichoua ni usaha na homa. Wiki tatu baadaye Williams alilazimika kumrudisha mezani amtoe maji yenye damu yaliyojaa kifuani. Cornish alitoka baada ya siku 51, mzima, akaishi miaka mingi. Siku zote hizo nani alikaa naye? Nani alisafisha kidonda, akamwangalia homa usiku? Kisu cha Williams kilifanya kazi siku mbili. Siku zilizobaki ni za wauguzi, na chuo chao Williams alikuwa amekijenga kabla Cornish hajachomwa. Ninyi mnaosimamia wodi zenye muuguzi mmoja, lisikieni hili.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Basi haraka: mwaka 1894 alikwenda kuongoza Hospitali ya Freedmen's, Washington. Mwaka 1895 alishiriki kuanzisha National Medical Association, chama cha madaktari weusi waliokataliwa kwingine. Mwaka 1913 alikuwa mtu mweusi pekee kati ya waasisi wa American College of Surgeons, chama cha madaktari wa upasuaji. Alifariki mwaka 1931.

Emma Reynolds naye hakuishia kwenye uuguzi. Mwaka 1895 alihitimu udaktari, hukohuko Chicago.