Jinsi ya kumpiga mtu picha kwa simu na kuiediti bila kumbadilisha rangi

Haya ndugu zangu karibuni, leo tunampiga mtu picha kwa simu, simu ya kawaida tu hii hii uliyonayo, halafu tunaiediti kwa Snapseed, programu ya simu ya kurekebisha picha ambayo ni ya bure na haina matangazo. Shida ninayotaka tuimalize ni moja, picha inatoka uso mweusi tii hata macho huyaoni, au simu inaupausha uso mpaka mtu anakuwa na rangi ya majivu. Ngozi nyeusi inapendeza sana kwenye picha, inashika mwanga vizuri mno, ila kamera haijui kipi ni muhimu mpaka wewe uioneshe.

Niko Mji Mkongwe hapa Unguja, na babu huyu mnayemuona kakubali tumpige akiwa amekaa barazani kwake, kanzu nyeupe na kofia yake ya viua. Nimemuamkia, nikamuomba ruhusa kwanza, na nikamwambia picha inakwenda wapi. Usimvizie mtu na kamera, hasa kina mama na watoto, akikataa sema asante uende zako.

Tuanze. Futa lensi. Najua unaona ni jambo dogo lakini mafuta ya vidole ndio yanayoleta ule ukungu kwenye picha, hasa ukielekea kwenye mwanga, chukua kitambaa laini cha pamba, hata ncha ya kanga safi, futa taratibu.

Sasa ingia kwenye mipangilio ya kamera, washa ile mistari inayogawa skrini vyumba tisa, halafu tafuta sehemu ya urembo, ile inayolainisha sura, izime kabisa, peleka sifuri. Simu nyingi inakuja imewashwa tayari, nayo haikulainishi tu, inakufanya mweupe bila kukuuliza, na mimi hili linaniuma. Si jambo jipya, enzi za filamu maabara zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa kizungu, mafundi wakiziita kadi za Shirley, yaani ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo na sisi wengine tunatoka tunavyotoka. Kampuni nyingine zimeanza kurekebisha, Google walileta Real Tone, kamera iliyorekebishwa ioneshe ngozi nyeusi ilivyo, kwenye simu yao ya Pixel 6 mwaka 2021, lakini huhitaji simu hiyo, unahitaji mwanga na kidole chako.

Mwanga sasa, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ukikosea hapa hakuna kuediti kutakakokuokoa. Saa sita mchana jua liko utosini, na huku kwetu karibu na ikweta kuna siku za Machi na Oktoba linapita juu ya kichwa kabisa, macho yote yanaingia kwenye shimo la kivuli na paji la uso linaungua. Ukiweza subiri saa kumi na moja jioni mpaka jua linapozama, lakini usichelewe maana huku giza likianza kuingia linaingia haraka. Na kama lazima upige mchana basi mtoe mtu juani, muweke kivulini, ila si kivuli chochote. Oneni hapa. Babu yuko kivulini lakini mbele yake ng'ambo ya kichochoro kuna ukuta wa chokaa unaopigwa na jua, ule ukuta unamrudishia mwanga laini usoni, ni taa kubwa ya bure. Mji Mkongwe kuta hizi zimejaa, kwenu tafuta ukuta wowote mweupe, au mkalishe mtu ndani hatua moja kutoka mlangoni akiwa anatazama nje, taa ya ndani uizime ili rangi mbili za mwanga zisichanganyike.

"Babu, naomba ugeuze uso kidogo upande wa mlango... hapo hapo, ahsante sana." Mmeona? Mwanga umekuja kwa upande, shavu limepata umbo, na ule mng'ao juu ya shavu na kwenye paji usiuue, ndio unaoipa ngozi uhai. Kama ni jasho la joto mpe leso ajifute, basi. Flashi usiwashe.

Sasa gusa uso wake kwenye skrini. Usiguse kanzu, usiguse ukuta, uso. Sababu ni kwamba kamera inapima mwanga wote ulioko mbele yake na inataka wastani wake uwe kijivu cha katikati, kwa hiyo ikiona kanzu nyeupe imejaa inafikiri mwanga umezidi inapunguza, na uso wa babu unazama, na ukimpiga dada aliyevaa buibui jeusi inafanya kinyume, inaongeza mwanga mpaka uso unapauka. Simu za siku hizi zinatambua uso lakini bado zinapotea, wewe gusa na ushikilie kidole mpaka ijifunge, halafu kwenye ile alama ya jua telezesha juu au chini. Hapa mimi napandisha kidogo mpaka macho ya babu yaonekane vizuri, kisha naangalia kanzu, mikunjo yake ikianza kupotea nashusha kidogo. Kumbuka hili, palipoungua pakawa peupe kabisa hapatarudi, ila kivuli unaweza kukiinua baadaye.

Usimsogelee sana usoni na ile lensi pana, pua inakuwa kubwa na masikio yanakimbia nyuma. Rudi nyuma mita mbili hivi, weka 2x, yaani kukuza mara mbili, kama simu inayo, kama haina piga tu tutakata baadaye. Macho yake yakae kwenye mstari wa juu, angalia nyuma yake pasiwe na nguzo inayoota kichwani, na usimkate kwenye kiwiko au kifundo cha mkono. Piga nyingi, na uendelee kuongea naye, mtu akiongea uso unafunguka wenyewe.

Twende kwenye Snapseed, na kabla ya kugusa chochote weka mwanga wa skrini nusu na uzime ile rangi ya njano ya usiku, la sivyo utakuwa unarekebisha skrini badala ya picha. Mpangilio wa vitufe unaweza kutofautiana na wangu kulingana na toleo lako lakini majina ni haya haya.

Naanza kwa kunyoosha na kukata, baraza ilale sawa. Halafu White Balance, chagua kile kidude cha kudondoa rangi ukiweke kwenye kanzu sehemu iliyo kivulini, maana kivulini picha huwa inaegemea bluu na bluu ndio inayoleta ujivu kwenye ngozi. Kanzu iwe nyeupe kweli lakini, kama ni ya rangi ya maziwa acha, ongeza joto la rangi kwa mkono kidogo kidogo huku ukiangalia shavu.

Kisha Tune Image. Telezesha kidole juu na chini kuchagua, kushoto na kulia kubadilisha. Mimi nainua Shadows, yaani sehemu za giza, mpaka 20 hivi, nashusha Highlights, yaani sehemu zenye mwanga mkali, kama 15 ili kanzu itulie, na Saturation, yaani ukolezo wa rangi, karibu siigusi. Uso ukihitaji mwanga zaidi usiongeze picha nzima, nenda Selective, gusa uso, finya kwa vidole viwili mduara ubaki usoni tu, ongeza 10. Mfano wako yuko hapo mbele yako, muangalie yeye halafu uangalie skrini, rangi ya babu ni hii, sasa ukiona kwenye simu amekuwa mweupe kuliko alivyo umeshapitiliza, rudi.

Healing natumia kuondoa kile kipande cha karatasi pale chini ya baraza. Kovu la mtu, mvi, makunyanzi, siondoi mpaka mwenyewe aniombe.

Shikilia kidole kwenye picha uone ilivyokuwa mwanzo, achia, linganisha. Ukiridhika hifadhi kama nakala ili ya mwanzo ibaki salama, na ukimtumia kwa WhatsApp chagua HD au itume kama dokumenti, maana ikienda kawaida inabanwa na ile kazi yote ya kwenye macho inapotea.

Mazoezi ya wiki hii, mtu mmoja, ukuta mmoja, mpige asubuhi, saa sita na jioni, kisha ziweke picha tatu pamoja usiziediti kabisa, uangalie macho tu.