Falaji za Oman: Hapa Watu Wanarithi Nusu Saa ya Maji

Asalaam aleikum jamani, Unguja, Pemba, Tanga na popote mlipo. Leo nipo Birkat al Mouz, karibu na Nizwa. Jua la utosi, milima mikavu kama mnavyoiona, na hapa miguuni pangu maji yanakwenda zake. Pampu hakuna. Hii ni Falaj al-Khatmeen. Falaji ni mfereji wa kuleta maji mashambani, na huu ni mojawapo ya falaji tano zilizoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Wanachimba kisima kule mlimani mpaka wakute maji. Kutoka hapo wanapasua njia ya chini kwa chini, mteremko wake mdogo mno, ije itokeze huku kwenye mitende. Mafundi waliosifika ni Waawamir, kabila la hapa Oman. Wazee watakwambia ni Nabii Suleiman bin Daud, aliwatuma majini wakachimba mifereji elfu kumi kwa siku kumi, na aina hii mpaka leo inaitwa daudi. Mimi sifa nawapa Waawamir.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni kugawana. Mtu hapa ana haki ya muda wa maji. Kipimo chao ni athar, kama nusu saa. Athar yako unairithi, unaiuza, unaikodisha. Nyingine ni wakfu wa msikiti, nyingine wakili wa falaji, yaani msimamizi wake, anazinadi mnadani. Zamani, kabla ya saa za mkononi, mchana walitazama kivuli cha mti uliosimikwa uwanjani penye alama, usiku wakafuata nyota. Zamu yako ikiingia, unachomoa jiwe na matambara yaliyoziba tundu la shamba lako, maji yanageuka. Ikiisha unaziba, mwenzio anazibua. Usijitie usingizi!

Maji ya kunywa hayana zamu. Falaji ikiingia kijijini, kwanza watu wanateka maji ya kunywa, kisha msikiti na kuoga, ndipo mashamba. Ukame ukibana, mboga na nafaka zinanyimwa, mtende haunyimwi. Mboga utapanda tena mwakani. Mtende ukifa, unangoja miaka.

Falaji kama 3,000 bado zinafanya kazi. Kuna zilizokauka, kwa sababu watu walichimba visima vya pampu, maji ya ardhini yakashuka. Pampu haijui zamu, inavuta tu mwenye nayo anapotaka.

Haya, simu inaungua mkononi. Video ijayo nawapeleka Falaj Daris, watoto wa Nizwa wanakoogelea. Mwenye swali aandike hapo chini.