Kengele ya Mbuzi

Mheshimiwa mwenyekiti, wageni waalikwa, ndugu zangu,

Wengi wenu mmeshanisikia nikikizungumzia kipande, kile kitambulisho cha lazima cha enzi za ukoloni hapa Kenya, na mzee mmoja pale mbele namwona amekwisha kutabasamu. Nitakirudia hata hivyo, kwa sababu kila nikitaja uhuru wa mtu binafsi katika mji huu huambiwa kwamba hiyo ni falsafa ya matajiri wa Marekani iliyotufikia kwa ndege.

Sheria ya kikoloni ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri na mshahara wake, ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni. Na aliyeondoka kazini bila mwajiri kumtilia sahihi alihesabiwa mtoro. Hicho ndicho kipande, na Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Je, waliokipa jina hilo walikuwa wamesoma falsafa ya Marekani? Mwanaharakati Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, baada ya kupinga kipande na kodi, umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi hapa hapa Nairobi ulimiminiwa risasi.

Sasa sikilizeni sehemu ninayoipenda. Mwaka 1947 sheria mpya ilitaka watu wa rangi zote waandikishwe, na walowezi walipoambiwa kwamba nao watachovya vidole katika wino, walipiga kelele mpaka serikali ikaanzisha uchunguzi, na hatimaye anayejua kusoma na kuandika akaruhusiwa kutoa picha na sahihi badala yake. Kwa zaidi ya miaka ishirini hawakuona fedheha yoyote katika wino ule, kwa kuwa vidole havikuwa vyao. Ndiyo maana mimi huyashuku mamlaka yoyote ambayo anayeyashangilia anatazamia yatamwangukia mwenzake.

Najua yupo atakayesema kwamba nataka tuishi bila serikali, kila mtu na rungu lake. Mahakama nazitaka, na polisi wa kumkamata mwizi namtaka pia, ingawa huchelewa. Ninachokataa ni serikali kujifanya mwenye mali na sisi waombaji, ilhali Ibara ya 19 ya Katiba ya 2010 inatamka kwamba haki ni za kila mtu na hazitolewi na Dola. Wala msiniulize kama hayo ni ya mrengo wa kulia au wa kushoto. Serikali ya Kenya huru, iliyojitangazia ujamaa wa Kiafrika katika waraka wake wa sera, Na. 10 wa 1965, na ambayo wapinzani wake waliiona ya kibepari, ilimtaka mtu awe na kibali cha kusafirisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine, na vizuizi hivyo vilidumu hadi miaka ya 1990. Aliyesimamishwa barabarani na magunia yake asingefaidika kwa kuelezwa ni itikadi ipi iliyomsimamisha.

Nilikusudia kuzungumzia kodi, na hoja ya mwanauchumi Hayek kuhusu bei, lakini mwenyekiti anatazama saa. Basi niseme moja tu: tangu mageuzi ya sheria ya 1997 anayeitisha mkutano wa hadhara huwaarifu polisi, haombi leseni, na bado nasikia redioni afisa akisema kwamba hakutoa kibali, naye mtangazaji, kijana mwerevu kabisa, anamuuliza kwa nini amekinyima, badala ya kumuuliza ni kibali gani.