Makofi kwa Nahodha, Maksi kwa Mama: Mhadhara wa Ngomeni, Lamu

Masalkheri, mabibi na mabwana. Ngome hii ilikuwa jela hadi 1984, kwa hiyo nikirefusha maneno mtanisamehe. Wenzenu walikaa humu zaidi.

Leo nazungumzia fikra pevu: nani huifikia, na ni hulka ipi huandamana nayo. Mimi husomesha watu wazima jioni. Siku moja niliwauliza: samaki wamepungua kwa sababu ya kuchimbwa bahari kwa ajili ya bandari iliyofunguliwa Mei 2021, au ni nyavu zetu wenyewe? Nahodha mmoja akainuka, akamwaga hoja, darasa likalipuka kwa makofi. Nyuma kabisa mama mmoja muuza mahamri akasema taratibu, "Mimi nilikuwa na hakika ni bandari. Lakini kaka yangu avua Kiunga, mbali na huko, naye alia vilevile. Je, kabla ya bandari tulikuwa tukipata kilo ngapi? Nani aliandika?"

Maksi zangu nilimpa mama.

William Perry, mwanasaikolojia wa Marekani, alipowahoji wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, kuanzia miaka ya 1950, aliona wengi huanza wakiamini jibu ni moja na mwalimu analo. Kisha huingia pale pa "kila mtu na lake", na hapo wengi wetu hutia nanga. Wachache huvuka: hupima ushahidi, hushika msimamo, na hukubali kuubadili. Mvi peke yake haikuvushi.

Sasa hulka. Wanasaikolojia hupenda kuzitaja tano: uchangamfu, upole, bidii, wasiwasi, na uwazi wa fikra, yaani kupenda jambo geni na kutoogopa swali lisilo na jibu. Bidii huleta alama nzuri za mtihani. Uchangamfu huleta makofi. Lakini inayoandamana zaidi na fikra pevu ni ule uwazi. Sisi waalimu tunakosea hapa kila siku: twamwona msemaji, twamwita mwerevu.

Msinielewe vibaya. Kuandamana si kusababisha. Huenda aliye wazi hukomaa upesi, huenda pia masomo yenyewe ndiyo yamfunguayo mtu, na mimi naona yote mawili darasani mwangu. Asiwepo wa kuniambia "ndivyo nilivyoumbwa, maalim".

Yule nahodha? Wiki ya pili alikuja na daftari la mauzo la marehemu babake, pembe zimeliwa na mchwa. Hakunionyesha mimi. Alikwenda nyuma, akakaa karibu na yule mama, wakaanza kuhesabu.

Naam, bwana mwenye kofia, nimeuona mkono wako. Uliza.