Antena Moja, Televisheni Nne

Mafundi wenzangu, nanyi wadogo zangu mnaoanza kazi, habari za asubuhi.

Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, ufundi wetu wa antena ulibadilika. Zamani mawimbi yakipungua picha ilitoka na chenga, na mteja alivumilia. King'amuzi hakina chenga. Picha ni safi mpaka kikomo fulani. Mawimbi yakishuka chini ya hapo kidogo tu, inakatika vipandevipande, kisha inaganda.

Kwa hiyo, mteja akitaka antena moja ilishe televisheni kadhaa, kumenya nyaya tatu na kuzisokota pamoja kwa selotepu tuache, tafadhali. Waya wa antena ni wa omu 75 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na spilita, kile kifaa cha kugawa mawimbi, imeundwa kuitunza hiyo omu 75 kila upande. Ukisokota, sehemu ya mawimbi inarudi ilikotoka, na mteja anakuuliza kwa nini chaneli hizi zipo na zile hazipo.

Lakini hata spilita nzuri haiongezi kitu, inagawa tu. Ya njia 2 inampa kila mmoja pungufu ya nusu, yaani hasara ya takriban desibeli 3.5 (desibeli ni kipimo cha mawimbi kupungua au kuongezeka). Ya njia 4 inapoteza takriban desibeli 7. Hapo hujahesabu waya: RG6, aina ya waya wa antena, kwenye UHF, yaani masafa ya televisheni, hula karibu desibeli 2 kila mita 10.

Sasa busta, yaani kifaa cha kukuza mawimbi. Wengi wanaifunga chumbani, nyuma ya televisheni inayosumbua. Hapo umeshachelewa! Mawimbi yamedhoofika hadi kukaribiana na kelele, na busta hukuza vyote viwili. Ipandishe mlingotini, jirani na antena, kabla ya waya mrefu na kabla ya spilita. Ila nyumba ikiwa karibu na mnara wa matangazo, usiiweke kabisa. King'amuzi kikilemewa na mawimbi, picha huganda vilevile, nawe utazidi kuongeza nguvu ukidhani hayatoshi.

Busta ya juu hupata umeme kupitia waya uleule wa antena. Spilita nyingi huupitisha kwenye tundu moja tu, lenye alama, basi adapta inayolisha busta umeme iwe upande huo. Tundu lisilotumika lifungeni kwa kizibo cha omu 75.

Na mwambieni mteja mapema, kabla hamjakubaliana bei: kila televisheni inahitaji king'amuzi chake, au iwe na cha ndani cha DVB-T2, mfumo wa matangazo ya dijitali ya antena. Mkigawa baada ya king'amuzi kimoja, nyumba nzima itatazama chaneli moja.